Figo ya Mkwe

Tabata, Dar es Salaam
11 Machi 2012

Mkwe wangu, Mama Lusungu,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Hakuna aliyekufa. Nimekaa hapa kwa Ruti nikawaza sana, nikaona kwamba wazee wetu wa Undali walikataza baba mkwe na mkwe wa kike wasionane, wasisemezane, wala wasipeane kitu mkono kwa mkono. Lakini juu ya karatasi hawakusema lolote, maana karatasi zenyewe hawakuwa nazo. Basi mimi nimepita hapo palipo wazi. Juzi Ruti alinisogezea simu sikioni akasema uko hewani, nikaitupa kitandani. Kwangu mimi sauti nayo ni uso.

Nimeambiwa umesema utapima, na ikikubali utanipa figo yako moja. Nakushukuru, na nakataa.

Sikatai kwa dharau. Mara tatu kwa wiki wananifunga kwenye mashine wananiosha damu, na nikitoka pale hata kijiko ni mzigo. Daktari amesema mwili huu hautaivumilia mashine kwa muda mrefu, nahitaji figo ya mtu. Ruti ana sukari, hawezi. Danieli amepima, damu yake imekataa. Hao ndio watoto ambao Mungu alinibakizia, na sina ugomvi na yeyote kati yao. Lakini wewe, tangu uingie kwenye boma langu pale Ihanda, hujaniona uso nami sijauona wako. Nikitokea uani unakimbilia nyuma ya jiko. Nakujua kwa kisigino tu. Watu wasioweza kupita njia moja leo wagawane figo? Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Tumwachie Mungu. Wasalimie wajukuu zangu. Hapo chini nimeandika jina langu kwa kuwa barua haiendi bila jina. Lipitie kwa macho tu, usilisome kwa sauti.

Baba mkwe wako,
Osea Kibona


Chapwa, Tunduma
24 Machi 2012

Baba,

Barua nimeipokea kwa kondakta wa basi. Jina nimelipitia kwa macho kama ulivyoagiza.

Labda hujui kwamba hata Kiswahili nimekitia kwenye mwiko wako. Jina lako ni jirani wa lile neno la kutakasa vyombo kwa maji na sabuni, kwa hiyo neno lile silitumii. Nasema kusuuza. Lusungu alipoanza shule, mwalimu alimuuliza ni nani aliyemfundisha kusema "nasuuza uso". Akajibu, mama. Kwa hiyo mimi nasema wanakusafisha damu, na utanisamehe.

Nimeshapima. Imekubali.

Usiniulize kwa nini. Danieli alileta habari zako sebuleni. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikasikia mdomo wangu unasema nitapima mimi. Sikulia wala sikuomba. Nilimaliza mchele nikaupika. Tangu siku hiyo nangoja niogope au nifurahi, sijapata hata kimoja. Nipo tu.

Lakini kwa kuwa umeniandikia, nitakuambia ninachokijua. Mwanaume mwenye boma, mwenye kahawa yake, akimwona mkwe anakuja na ndoo anaingia kwenye migomba anasimama mpaka apite. Umefanya hivyo miaka yote niliyokaa kwako. Kule kwetu nilikozaliwa baba yangu hakumpisha mtu, hasa mwanamke. Nilipofika kwako ndipo nilipopishwa kwa mara ya kwanza.

Mwiko unakataza nisikuone. Kukuponya haukukataza. Wewe umepita kwenye uwazi wa karatasi, nami nimeona uwazi wa hospitali. Watatulaza kwa dawa ya usingizi, wewe chumba chako na mimi changu. Hakuna atakayemwona mwenzake.

Ni mimi mkwe wako,
Mama Lusungu


Chapwa, Tunduma
19 Aprili 2012

Wifi yangu Ruti,

Nashukuru kwa kunijulisha kwamba baba amekubali. Nimecheka kidogo uliposema amekuuliza mara tatu kama ni kweli tutakuwa tumelala.

Kuna jambo nataka libaki kwetu wawili. Damu ya kaka yako haikukataa. Aliniambia mwenyewe tukiwa tunakula: "Imekubali, lakini naogopa." Kesho yake nikamsikia kwenye simu akimwambia baba kwamba imekataa. Niliweka kijiko chini nikangoja hasira ije. Haikuja.

Usidhani hajatoa kitu. Ameiuza Fuso yake ili safari ya India ipatikane, na unajua Fuso ile ndiyo ilikuwa ikimweka mjini. Nilipomtazama akasema, "Nimetoa gari. Mtu hatoi vyote viwili."

Baba asijue. Mgonjwa akijua kwamba mwanawe amemnyima, hata umtie figo za ukoo mzima hainuki.

Wifi yako,
Atuganile


Tabata, Dar es Salaam
28 Mei 2012

Wifi Atuganile,

Pasi yako ya kusafiria iko tayari. Kuhusu kaka nimesoma, nikaikunja barua nikaenda kumpikia baba uji. Nimekasirika kwa niaba yako, maana naona mwenyewe umeshindwa.

Sasa nisikilize. Nimeongea na wale wa hospitali ya India. Kwa sheria yao mkwe si ndugu wa damu. Kule maskini wamewahi kurubuniwa wakauza figo zao, kwa hiyo mtu asiye wa damu lazima apite mbele ya kamati. Mtaitwa wote wawili. Chumba kimoja, viti viwili. Watauliza mnajuanaje, na kila mmoja atajibu mwenzake akisikia. Wasiporidhika, baba anarudishwa nyumbani kufa.

Baba sijamwambia. Nikimwambia hapandi ndege. Wewe chukua khanga mbili kubwa za kujifunika, tutajua hukohuko. Huyu mzee hafiki Krismasi kwa mashine, wifi. Namwona anavyokwisha.

Ruti


India, nyumba ya wageni
3 Julai 2012

Mkwe wangu,

Barua hii haina safari, ni ukuta mmoja tu kati yetu. Ruti ataipitisha chini ya mlango wako. Nimeshamgombeza kwa kunificha habari ya kamati, nimemaliza, sasa tuseme yetu.

Nimejaribu kulala nimeshindwa, kwa hiyo nakuandikia nilichokiona ili ujue sikulaumu. Tulikaa mbele ya kamati. Mimi nilitazama feni, wewe ulitazama ukuta, umejifunika khanga mpaka puani. Yule mama mwenye miwani akauliza kwa Kiingereza, na yule mwanafunzi wa Tanga anayesoma huku akatafsiri: "Huyu mzee ni nani wako?" Ukajibu vizuri, "Ni baba yake Danieli." Wakauliza, "Anaitwa nani?" Ukanyamaza. Wakarudia. Ukasema tena, "Baba yake Danieli." Wakasema hatumtaki Danieli, tunataka jina la huyu aliyekaa hapa. Ukainamisha kichwa.

Yule kijana ni wa pwani. Kwao mkwe anamwandalia baba mkwe na kumkaribisha kwa jina la ukoo, atajuaje mambo ya Undali? Akawaambia, "Anasema jina lake halijui." Kiingereza cha misheni ninacho kidogo, niliisikia sentensi hiyo ikipita. Nilitaka kuiwahi. Lakini ningesema, sauti yangu ingekufikia wewe, nami nikanyamaza. Basi tukawa mabubu wawili mbele ya watu wanaotafuta mwongo ni nani. Wameandika kwamba huenda umeletwa na dalali na hunijui kabisa.

Ruti amewaeleza mila yetu. Mama yule amesema anaheshimu mila, lakini hawezi kuandika mila kwenye nafasi ya jina. Wametupa kikao kimoja zaidi wiki ijayo. Baada ya hicho hakuna kingine.

Mkwe wangu, litamke. Mimi mwenyewe nakuruhusu.

Baba mkwe wako


Upande wa pili wa ukuta
4 Julai 2012

Baba,

Ruhusa nimeiona. Ila mdomo ndio haujaiona.

Ulidhani naringa? Nililitafuta jina lako pale kitini nikalipata, nikalifikisha mpaka kwenye meno. Halikutoka. Mama yako mdogo alinikalisha jikoni wiki ile ya harusi, akanitajia maneno yote ya kuepuka kwa ajili yako, akasema mke anayelitaja jina la baba mkwe amelivua boma lote nguo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vitu unavyoambiwa ukiwa na umri huo, ukiwa mgeni, vinaingia kwenye mifupa. Wewe ukinifungulia leo, mimi bado nimejifungia kwa ndani.

Leo Ruti alinisimamisha kwenye sinki la chumbani. Akasema, anza na lile neno, jina litafuata. Nikasema: ninaosha kikombe. Ninaosha sahani. Ninaosha mikono yangu. Ruti akalia. Mimi sikulia. Nilihisi mdomo kama baada ya sindano ya kung'oa jino, unajua upo kwa sababu unaugusa.

Nitajaribu. Ombi langu ni moja tu. Nikilitamka, usigeuke kunitazama. Ukigeuka sitaweza kumalizia la ukoo.

Mkwe wako


India, hospitalini
26 Julai 2012

Mkwe wangu, Mama Lusungu,

Unisamehe kwa neno nitakaloliandika, lakini habari yenyewe ndiyo hiyo na haina jina lingine. Nimekojoa. Toka mwaka jana sijaona kitu kama kile. Manesi walipiga makofi, na Ruti akakipiga picha kile kichupa. Mzee wa kanisa napigiwa makofi kwa mkojo.

Wanasema figo yako ilianza kazi wakiwa hawajamaliza kunishona. Nimelala naisikiliza, ingawa daktari ananiambia figo haisikiki.

Siku ya kikao sikugeuka. Niliikodolea macho ile feni mpaka yakatoka maji. Ulilitamka jina langu lote, na la ukoo, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. Mama wa miwani akaandika, akasema asante, basi. Wewe sijui ulikuwaje, na siwezi kuuliza watu kuhusu uso wako. Niandikie.

Baba mkwe wako,
ambaye bado yupo


India, wodi ya wanawake
27 Julai 2012

Baba,

Nashukuru kwa habari ya mkojo. Wodi nzima wameambiwa.

Unauliza nilikuwaje. Nilidhani kitu kitapasuka. Nilitamka, nikasubiri, feni ikaendelea kuzunguka. Hata aibu niliyokuwa nimejiandalia haikufika. Nimelala hapa najiuliza kama nililinda kitu au nililinda hewa. Nikipata jibu nitakuandikia.

Mkwe wako


Chapwa, Tunduma
9 Desemba 2012

Wifi Ruti,

Unaniuliza kidonda. Kimefunga vizuri, wanawake wa hapa wakiomba kukiona nawaonyesha. Chini yake pana ganzi ukubwa wa kiganja. Nikijifinya pale naona vidole vinafinya, mwenye kufinywa hayupo. Wamesema huenda ikaisha na huenda isiishe.

La pili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Tangu nirudi kaka yako hajanigusa. Kwanza alisema anaogopa kidonda. Kidonda kikapona. Wiki iliyopita tukiwa tunakunywa chai akasema: "Nyama yako iko ndani ya baba. Baba anatembea nayo, analala nayo. Sasa mimi nikikushika, nashika nini? Wewe umekuwa damu ya baba. Wewe ni dada yangu." Alisema kwa upole, kama anayenionea huruma. Kisha akamalizia chai yake.

Ningedhani ni mawazo ya mtu aliyeuza gari na anazunguka bila kazi. Lakini juzi nilivuka mpaka kwenda Nakonde kununua dagaa wa kapenta. Mzambia mmoja anayemfahamu kaka yako akaniuliza, "Bashi Mwila hajambo?" Kwao hivyo ndivyo wanavyomwita baba kwa jina la mtoto wake. Baba Mwila. Wifi, mimi nina Lusungu na Tupokigwe. Nikamwambia hajambo, nikalipia kapenta.

Ameita kikao cha wazee Ihanda. Anataka waseme mbele ya watu kwamba mimi ni dada yake, ili aniache bila kuambiwa ameniacha. Akifaulu, mimi sina nyumba, na watoto nitawaacha kama mtu aliyekuja kuwatembelea. Naandika haya kalamu ikiwa imetulia kabisa, na hilo ndilo linalonitisha.

Wifi yako,
Atuganile


Ihanda
13 Januari 2013

Mkwe wangu,

Ruti amenieleza yote. Kikao ni Jumamosi ijayo. Nimekaa na jambo hili shambani, maana sasa naweza kutembea mpaka kahawa ya juu na kurudi bila mtu wa kunishika, na ninajua natembea kwa nguvu za nani.

Kwanza nikuambie la Danieli. Siku aliponipigia simu kuniambia damu imekataa, alisema haraka mno, kisha akaniuliza kama mvua zimenyesha Dar es Salaam. Huyo nimemlea, namjua anavyodanganya. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuishi, na figo ilikuwa inakuja kutoka upande mwingine. Damu nzito kuliko maji, tunasema. Mimi nimeponywa na maji.

Sasa sikia nilichokusudia. Danieli anataka wazee waseme wewe ni damu yangu. Nitawawahi. Nitachinja mbuzi, nitasimama, nitasema ni kweli: kuanzia leo huyu ni mwanangu wa kumzaa. Mwiko nitaufuta palepale. Utaingia kwa mlango wa mbele, utanipa mkono, tutakula sahani moja na nitauona uso wako kabla sijafa. Kahawa ya juu nitakukatia kipande chako kama ninavyowakatia watoto. Danieli aende zake Nakonde, wewe utabaki kwa baba yako. Sijui heshima nyingine kubwa kuliko hii. Ningekuwa nayo ningekupa.

Nijibu kabla ya Jumamosi. Mbuzi ameshafungwa.

Baba yako,
Osea


Chapwa, Tunduma
16 Januari 2013

Baba,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza sikusikia kitu, kama kawaida yangu siku hizi. Mara ya pili nilipofika penye mbuzi nikakasirika. Nakuandikia upesi kabla hasira haijaondoka, kwa kuwa nimeingoja kwa muda mrefu.

Mfungue mbuzi.

Hujaona unachokifanya? Danieli anachimba shimo, na wewe kwa upendo wako unanisukumia humo. Ukisimama mbele ya wazee ukasema mimi ni mwanao, umemaliza kazi yake. Atatoka pale mikono mitupu na misafi, hajaacha mke, ameagana na dada. Waulize wazee hilo kwanza: Lusungu na Tupokigwe watamwitaje baba yao? Mjomba? Na mimi niliyeingia boma lako kwa ng'ombe na kwa kanisa, nitakuwa nimezaliwa lini?

Nimekuelewa kwamba unanipa kikubwa kuliko vyote. Lakini mtoto hakujipatia utoto wake. Alizaliwa akaukuta. Akikunyima figo bado ni mtoto, akikudanganya bado ni mtoto. Ukwe wangu niliujenga mimi, siku kwa siku, kwa mdomo wangu na kwa miguu yangu. Nilijiuliza kule India kama nililinda hewa. Sasa najibu mwenyewe kwamba haikuwa hewa, maana leo mtu anataka kuninyang'anya. Jina lako nililitamka mara moja, mbele ya watu wenye kalamu, ili uishi. Sikulitamka ili nihame. Hapa nyumbani nimerudia kusuuza.

Na uso wangu, baba, vumilia. Hauna kitu kipya.

Jumamosi nitakuja na watoto nitakaa jikoni, na kutoka jikoni mambo ya barazani husikika yote. Usiseme habari ya kahawa wala ya mbuzi. Sema tu kwamba figo hii umepewa na mkwe wako. Wakikuuliza mkwe ni nani, waambie ni mke wa mwanao, na mwambie Danieli ajibu mbele yenu, kwa maneno yake, kama anamwacha. Akisema anamwacha, tutajua ni nani aliyeacha. Akishindwa kusema, arudi nyumbani.

Usinifanye mwanao, baba. Wanao tumewaona.

Atuganile,
mke wa Danieli